Kazi Kwanza, Alama Baadaye

Swali linalowasumbua wazazi wengi mwishoni mwa muhula ni moja: nimfanyeje mwanangu apende kusoma? Ada imelipwa, sare zimeshonwa, madaftari yamenunuliwa, mwalimu wa tuisheni anakuja kila Jumamosi, na bado mtoto anafungua kitabu kwa kusukumwa na kukifunga kwa furaha. Majibu tuliyorithi ni mawili. La kwanza ni ahadi: ukishika namba moja nitakununulia baiskeli, ukipata divisheni wani simu ni yako. La pili ni tisho: ukirudi tena na alama hizi utanitambua, na likizo utaimalizia kijijini kwa babu ukichunga ng'ombe. Tumebishana miaka mingi lipi kati ya hayo ni bora, kana kwamba yanapingana. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili humngoja mtoto mwisho wa njia na kumuuliza amepata nini. Namna alivyotembea, alipojikwaa na alipohitaji mkono hayana habari nayo. Kinachomwamsha mtoto, na kumfanya aendelee hata pale asipotazamwa na mtu, ni mzazi aliye karibu na kazi yenyewe. Mzazi huyo huiulizia kazi hiyo, huitazama ikifanyika, humwachia mtoto sehemu ya uamuzi, na hapimi upendo wake kwa alama za ripoti. Hiyo ndiyo hoja yangu, nami nitaitetea kwanza kwa kumbukumbu za watu walioandika walivyolelewa, kisha kwa majaribio ya wataalamu, halafu nijibu yale ambayo mzazi mwenye akili timamu angeniuliza.

Naanza na kumbukumbu kwa sababu ya msingi. Mtu mzima anapokaa kuandika utoto wake, muda umekwishamchujia mambo. Zawadi nyingi alizopewa amezisahau, vitisho vingi vimepita, na yanayobaki katika ukurasa ndiyo yaliyomwingia moyoni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa kitabu cha utoto wake mwaka 2010, akisimulia maisha ya Limuru chini ya mkoloni. Mama yake, Wanjikũ, hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa mmoja wa wake wanne wa mume mmoja, alilima kwa jembe lake mwenyewe, na jasho lake ndilo lililomsomesha mtoto. Siku ya kumpeleka shule hakumwamuru. Alimuuliza kama angependa kwenda. Mtoto alipokubali, mama hakumficha hali ya nyumbani: walikuwa maskini, na huenda zingekuwapo siku za kushinda bila chakula cha mchana. Akataka wapatane kwamba hataacha shule kwa sababu ya njaa au shida nyingine, na kwamba kila siku atajitahidi kadiri ya uwezo wake wote. Kuanzia hapo, mtoto akirudi na matokeo, mama aliuliza kama huo ndio mwisho wa jitihada yake. Hata alipomwambia amepata kumi kwa kumi, swali halikubadilika.

Tulitazame swali hilo kwa karibu, maana limebeba mengi. Mama asiyejua herufi hawezi kukagua hesabu wala insha, lakini aliuliza jambo ambalo mtoto peke yake ndiye angeweza kulijibu. Alama hutolewa na mwalimu. Jitihada anaijua aliyeifanya. Kwa swali moja alimkabidhi mtoto kipimo cha kazi yake, akamfanya yeye mwenyewe kuwa mkaguzi. Swali hilohilo lingeweza kumfariji mtoto aliyepata tano kwa kumi baada ya kuhangaika usiku kucha, na kumkumbusha mvivu aliyepata kumi kwa bahati kwamba bado ana deni. Hakuna baiskeli inayoweza kufanya kazi zote mbili. Yale mapatano ya mwanzo nayo yalikuwa na nguvu ya pekee: mtoto aliahidi akijua ugumu ulio mbele, kwa hiyo shida ilipokuja haikumkuta kama mtu aliyedanganywa. Tunapomwambia mtoto kwamba kusoma ni rahisi ukipenda, tunamnyima silaha hiyo. Siku somo litakapomshinda ataona ama tulimdanganya, ama yeye ndiye mwenye kasoro.

Kumbukumbu ya Wangari Maathai, iliyotoka mwaka 2006, inaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, wakati ambapo watu wengi hawakuona haja ya kumsomesha msichana. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wengine. Mama angeweza kujibu kwa desturi, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaona hakuna sababu ya kumzuia, na mtoto akaenda. Lakini kabla ya darasa palikuwa na shamba. Mama huyo alimpa Wangari kipande kidogo cha ardhi katikati ya shamba lake, kiwe chake, akamwelekeza namna ya kupanda na kutunza. Mtoto, kwa kutokuwa na subira, alikuwa akifukua mbegu aone kama zimeota, na mama akamfundisha kuzifunika na kuziacha zifanye kazi yake. Tuangalie mgawanyo wa majukumu hapo. Ardhi ni ya mtoto, mavuno ni ya mtoto, makosa ni ya mtoto; mama yupo hatua chache pembeni, jembe mkononi, tayari kuelekeza. Mwanamke aliyeanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement mwaka 1977 na kutunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2004 alianza kuujua udongo kama mwenye shamba, ingawa shamba lenyewe lilikuwa dogo mno.

Kuna pia kisa cha Barack Obama, mtoto wa Mkenya aliyelelewa na mama Mmarekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1995 kinaeleza miaka waliyoishi Jakarta. Mama yake hakuwa na fedha za kumpeleka katika shule ya kimataifa walikosoma watoto wengi wa wageni. Kwa hiyo siku tano za wiki alimwamsha saa kumi alfajiri, akamlisha kifungua kinywa, na kumfundisha Kiingereza kwa saa tatu kabla mtoto hajaenda shule na yeye kazini. Mtoto alilalamika, akajifanya mgonjwa, akasinzia. Mama naye hakujidai kwamba anafurahia. Alimjibu kwamba hata kwake yeye haikuwa starehe. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaondoa dhana kwamba kumtia mtoto moyo maana yake ni kumbembeleza. Saa kumi alfajiri si ubembelezaji. Lakini si ubabe pia, maana aliyemtoa mtoto kitandani alikuwa ametoka kitandani kabla yake, na shida aliyomtwisha aliibeba naye. Mtoto anaweza kununa siku ile, ila hawezi kusema kwamba mzazi alimtupia mzigo na kwenda kulala.

Msomaji makini atasema: hao uliowataja ni washindi. Vitabu vya kumbukumbu huandikwa na waliofika. Wapo maelfu waliolelewa hivyohivyo na hawakuandika chochote kwa sababu hawakufika popote. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana hatuwezi kusimama kwenye kumbukumbu peke yake. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa mapema cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe kama watachora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu ila lilipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, bila ahadi. Watoto waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda waliotumia wenzao. Kazi waliyokuwa wakiipenda ilikuwa imegeuka kibarua, na kibarua bila malipo hakina mwenyewe. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakuathirika. Kwa hiyo tatizo halikuwa cheti. Tatizo lilikuwa masharti: fanya hiki ndipo upate kile.

Jaribio la pili linahusu sifa, ambayo ni zawadi isiyo na gharama na inayotolewa ovyo kuliko zote. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa darasa la tano maswali ya mantiki ambayo karibu wote waliyaweza. Baadhi waliambiwa wamefanya vizuri kwa sababu wana akili. Wengine, kwa sababu wamejitahidi. Sentensi moja tu. Walipotakiwa kuchagua kazi inayofuata, wengi wa waliosifiwa akili walichagua kazi ambayo wangeonekana hodari kwayo, na wengi sana wa waliosifiwa jitihada walichagua kazi ambayo wangejifunza kitu, hata kama wangekosea. Kisha wote wakapewa maswali magumu wakashindwa, na baadaye wakarudishiwa yaliyolingana na yale ya mwanzo. Waliosifiwa akili walishuka chini ya pale walipoanzia. Waliosifiwa jitihada walipanda. Walipoombwa kuwaandikia wanafunzi wa shule nyingine alama walizopata, karibu wanne kati ya kumi wa wale wa akili walidanganya. Ni kweli kwamba programu za shule zilizojengwa baadaye juu ya fikra hizi zimeleta mabadiliko madogo, na hakuna mzazi anayepaswa kudhani kwamba sentensi moja ya asubuhi itageuza maisha. Lakini tukio la udanganyifu linatosha kutufikirisha. Mtoto aliyeambiwa kwamba yeye ni akili zake analazimika kuzilinda, hata kwa uongo. Na ripoti zinazochanika njiani au sahihi za wazazi zinazoghushiwa ni uongo wa namna hiyo.

Hata hivyo kuna ushahidi mzito wa upande wa pili, na umetoka hapahapa kwetu. Mwaka 2001, katika wilaya za Busia na Teso magharibi mwa Kenya, shule kadhaa ziliingizwa katika mpango wa ufadhili wa wasichana wa darasa la sita. Walioshika nafasi za juu, asilimia 15, walilipiwa ada kwa miaka miwili iliyofuata, na familia zao zikapewa shilingi 1,000 kila mwaka kwa sare na mahitaji ya shule. Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton, waliotathmini mpango huo na kuchapisha matokeo mwaka 2009, waliona alama zikipanda, hasa Busia. Walimu walihudhuria zaidi. Hata wasichana ambao hawakuwa na tumaini kubwa la kushinda walinufaika, na watafiti hawakuona dalili kwamba hamu ya kusoma imepungua. Je, hapo si zawadi iliyofanya kazi? Ilifanya, na mimi sitasema vinginevyo. Lakini tuangalie ilikuwa zawadi ya namna gani. Kwa msichana wa Busia wa wakati ule, ada ilikuwa ukuta kati yake na darasa la saba. Ufadhili uliondoa ukuta huo; ulimlipa kusoma kwa kumpa nafasi ya kusoma zaidi. Kumwambia mtoto asome ili aendelee kusoma ni jambo moja, na kumwambia asome ili apate simu ni jambo jingine. Katika lile la kwanza, tuzo na kazi vinaelekea upande mmoja. Katika la pili, kitabu kinakuwa kizuizi kinachomtenganisha mtoto na kile anachokitaka kweli, na kizuizi mtu hukiruka upesi iwezekanavyo.

Wilaya hizohizo zilitoa somo la kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1990, walimu wa shule 50 waliahidiwa zawadi kulingana na matokeo ya mitihani ya wanafunzi wao. Hawakuongeza mahudhurio. Walichoongeza ni vipindi vya kuwaandaa watoto kwa mtihani. Alama zikapanda kwa muda, na mpango ulipokwisha faida ikayeyuka. Roland Fryer, mchumi wa Harvard, alikuta jambo linalofanana na hilo kwa wanafunzi wenyewe alipojaribu kuwalipa fedha katika miji kadhaa ya Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. New York na Chicago, ambako walilipwa kwa alama, matokeo ya mitihani hayakupanda. Dallas, ambako watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake, uwezo wa kusoma uliongezeka kwa wale waliozungumza Kiingereza. Watoto wa New York walipoulizwa wangefanya nini ili wapate fedha zaidi, walitaja mbinu za kujibu mtihani. Kusoma zaidi au kumuuliza mwalimu havikuwajia akilini. Hamu ya fedha walikuwa nayo, njia ya kuzipata hawakuijua. Mtoto wa darasa la pili hajui afanye nini ili apate 90 katika hisabati, lakini anajua kufungua kitabu na kukimaliza. Mzazi anayelazimika kutoa motisha, basi, aielekeze kwenye kazi ambayo mtoto anaweza kuanza leo jioni: kurasa kumi za hadithi, jedwali la kuzidisha la saba, barua kwa bibi. Nafasi darasani haimo mkononi mwake, maana inategemea pia wenzake arobaini.

Sasa nije kwenye fimbo, kwa kuwa wapo watakaosema kwamba nazungumzia watoto wa Ulaya na Marekani, na kwamba wetu hawasikii bila kuchapwa. Samaki mkunje angali mbichi, watanikumbusha, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizo nazikubali kwa moyo wote, ila sioni fimbo ndani yake. Samaki mbichi hukunjika kwa mkono tu. Aliyekauka ndiye anayehitaji nguvu, naye huvunjika. Malezi yana mipaka, na mipaka ina adhabu: anayeacha kazi ya shule akacheze mpira atafanya kazi ile kabla ya mpira wa kesho. Mtoto anahitaji kujua hivyo, tena bila majadiliano marefu. Lakini kuzuia kosa na kuwasha hamu ni shughuli mbili tofauti. Kipigo kinaweza kumsimamisha mtoto, hakijui kumwanzisha. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti 75 kuhusu kuwachapa watoto, zilizohusisha zaidi ya watoto 160,000, na kipigo kiliambatana na ukorofi zaidi, matatizo zaidi ya kihisia na uhusiano dhaifu na mzazi. Mtu atasema huenda watoto wakorofi ndio huchapwa zaidi, na kweli tafiti za namna hii haziwezi kuufumbua utata huo wote. Lakini hata tukimpa mpinzani faida ya shaka, hakuna katika lundo hilo dalili kwamba mtoto aliyechapwa anaipenda zaidi kazi aliyochapiwa.

Mfano wenye nguvu kuliko wote wa malezi ya shinikizo ni mchezaji tenisi Andre Agassi, kwa sababu yeye alifika kileleni. Baba yake, mhamiaji kutoka Iran aliyewahi kupigana ngumi katika Olimpiki, alijenga uwanja wa tenisi nyuma ya nyumba yao huko Las Vegas na kuitengeneza upya mashine ya kurusha mipira, ambayo mtoto aliiita joka. Iliinuliwa juu sana, mpira ukawa unashuka kwa kasi miguuni mwa mtoto wa miaka saba aliyelazimika kuuwahi kabla haujamruka kichwani. Hesabu ya baba ilikuwa mipira 2,500 kwa siku, yaani karibu milioni moja kwa mwaka, na imani yake ilikuwa kwamba mtoto anayepiga mipira milioni kila mwaka hatashindika. Agassi alitwaa mataji manane makubwa ya mchezaji mmoja mmoja. Na katika kumbukumbu yake ya mwaka 2009 anaeleza waziwazi kwamba aliuchukia mchezo huo tangu utotoni, kwamba hakuuchagua, na kwamba hata ushindi haukumponya. Mwaka 1997, akiwa bado kijana, alianguka hadi nafasi ya 141 duniani. Anayetaka kumtumia Agassi kama ushahidi wa fimbo anapaswa kuuchukua ushahidi wote. Na akumbuke kwamba kwa kila mtoto mmoja wa joka aliyekuwa bingwa, wapo wengi waliobaki na chuki bila taji. Kama nilivyokubali kwamba washindi wa malezi ya ukaribu hawatoshi kuthibitisha hoja yangu, mshindi mmoja wa shinikizo hatoshi kuithibitisha ya mwenzangu.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, maana linatoka kwa watu wanaofanya kazi ngumu. Mama ntilie anayeamka saa tisa usiku kuwasha moto, kondakta wa daladala anayerudi saa nne, mama wa Nairobi anayepanda matatu kabla jua halijachomoza, watapata wapi muda wa kukaa karibu na kazi ya mtoto? Na wale waliopeleka watoto bweni, wakiwaona mara moja au mbili kwa muhula? Jibu langu ni kwamba ukaribu ninaouzungumzia haupimwi kwa saa. Wanjikũ alikuwa mkulima asiye na elimu ya darasani, na swali lake halikuchukua dakika mbili. Mzazi anayechambua mchele anaweza kumwambia mtoto amsomee kwa sauti kile alichoandika leo, amweleze alipokwama, amwonyeshe swali moja lililomshinda na alivyolijaribu. Mzazi asiyejua jibu ana faida moja: mtoto analazimika kumfafanulia, na anayefafanua anajifunza mara ya pili. Tazama siku ya kutembelea watoto bweni. Familia imesafiri tangu alfajiri na hotpoti la pilau na kuku, mkeka umetandikwa chini ya mti, na kabla mtoto hajamaliza paja la kwanza anaulizwa ripoti iko wapi na kwa nini fulani amempita. Saa tatu za ukaribu zimepatikana kwa nauli kubwa, zikatumika kusoma namba ambazo shule ingeweza kuzituma kwa simu. Angeulizwa ni somo gani linampa raha siku hizi, lipi linamwogopesha na nani humsaidia akikwama, familia ingerudi nyumbani ikimjua mtoto wake.

Simwekei mzazi lawama yote, kwa sababu mazingira yanamsukuma. Kwa miaka mingi, asubuhi ya matokeo ya darasa la nane nchini Kenya ilikuwa na picha zilezile: mtoto mmoja amebebwa juujuu, walimu wakiimba, kamera mbele, na maelfu ya wengine wakijificha vyumbani. Mtihani huo wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Nchini Tanzania nako, Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza mwanafunzi bora na shule bora kitaifa. Hatua hizo ni njema, lakini serikali haiwezi kuingia sebuleni. Orodha iliyoondolewa kwenye mkutano wa waandishi wa habari inaendelea kusomwa mezani kila mama anapouliza mbona mtoto wa jirani ameweza. Ulinganisho huo unadhaniwa kuwa kichocheo, kumbe unamfundisha mtoto mambo mawili mabaya: kwamba nafasi yake moyoni mwa mzazi ina mshindani, na kwamba mwenzake akishuka yeye amepanda. Mtoto wa namna hiyo hataki kumwelekeza mwenziwe swali la hesabu, na hataki kuulizia asilolijua mbele ya watu. Anapoteza njia mbili bora za kujifunza ili alinde namba.

Yote haya yakusanywe siku ripoti inapoletwa nyumbani. Mzazi aisome pamoja na mtoto, si juu ya kichwa chake. Aanze na somo ambalo mtoto amelifanyia kazi, hata kama alama yake ni ndogo, na aulize alilifanyaje. Akikuta alama imeshuka, aulize kilichotokea kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu nyuma ya alama iliyoshuka huenda yupo mwalimu aliyehama, macho yanayohitaji miwani, au mwenzake anayemtesa. Kisha wapange kitu kimoja, na mtoto ndiye akitaje: saa ya kusoma, mtu wa kumsaidia, mada ya kuanzia. Akitimiza, mzazi ataje alichokiona: umerudia lile swali mara tatu mpaka likakubali. Na ikiwapo furaha ya kusherehekea, isherehekewe na nyumba nzima, chakula kizuri au safari ya ufukweni, bila kuwa imewekwa sokoni tangu Januari. Mtoto aliyeshindwa naye ale chakula kilekile katika meza ileile, ajue kwamba kushindwa kuna kazi ya kufanya lakini hakuna uhamisho wa kutoka moyoni mwa wazazi wake.

Najua njia hii inachelewa kuonekana. Ahadi ya simu huleta matokeo muhula huu, na fimbo huleta utulivu jioni hii. Lakini mzazi halei muhula. Karibu na umri wa miaka kumi na minane mtoto ataondoka, aende chuoni, kazini au mjini, mahali ambapo hakuna atakayemnunulia baiskeli kwa kuamka mapema wala atakayemchapa kwa kulala. Aliyesoma kwa ajili ya zawadi ataikosa zawadi, na aliyesoma kwa hofu ataikosa hofu, wote wawili wabaki wakitafuta mtu mwingine wa kuwasukuma. Aliyezoea kujiuliza mwenyewe kama huo ndio mwisho wa jitihada yake ataondoka na msukumo wake ndani. Urithi huo unaweza kutolewa na mzazi yeyote, mwenye shahada au asiyejua herufi, na kazi ya kuutoa inaanza kwa kubadili swali la kwanza tunalomuuliza mtoto anaporudi kutoka shule.